Kuzunguka Matsuyama kwa treni na tramu: stesheni mbili, ngome na bafu la Dogo

Matsuyama, makao makuu ya mkoa wa Ehime, ndio mji mkubwa kuliko yote katika kisiwa cha Shikoku, una wakazi wapatao laki tano. Mgeni akipotea hapa, mara nyingi si kwa sababu ya ukubwa wa mji. Anapotea kwa sababu mji una stesheni kuu mbili zenye majina yanayokaribia kufanana, za kampuni mbili tofauti, na kati yake inapita tramu yenye njia kadhaa. Kwa hiyo tutaanza na stesheni hizo mbili, kwani ukishazitenganisha akilini, ngome, mabafu na bandari utazifikia bila taabu.

Stesheni ipi ni ipi

Matsuyama ni stesheni ya kampuni ya reli ya JR Shikoku, magharibi mwa kilima cha ngome. Treni zote za masafa marefu, kutoka Okayama, Takamatsu na Uwajima, hufika hapa. Matsuyama-shi ni ya kampuni ya Iyotetsu, kusini mwa kilima, na ndiyo kitovu cha laini tatu za vitongoji: Takahama (kilomita 9.4), Gunchu (11.3) na Yokogawara (13.2). Wenyeji huiita ya kwanza "JR" na ya pili "Shieki". Ukimuuliza mtu njia, tumia majina hayo hayo, utaelekezwa haraka zaidi.

Kwenye vibao, 松山駅 ni ya JR na 松山市駅 ni Shieki. Alama moja tu, 市, ndiyo inayozitofautisha, na ramani ya simu huzichanganya usipoandika jina kamili. Umbali kati yake ni mwendo wa miguu wa dakika kama 20, au tramu ya dakika zisizofika 10 ukiondoa muda wa kuingoja. Aliyepanga kubadilisha treni hapo kwa dakika 5 atachelewa.

Historia fupi inasaidia kuelewa kwa nini mambo yamekaa hivi. Iyotetsu ilianza kuendesha treni mwaka 1888, kati ya Shieki ya leo na Mitsu, juu ya reli nyembamba yenye upana wa milimita 762. Wakati huo stesheni yake ndiyo iliyoitwa Matsuyama. Reli ya serikali (JR ya leo) ilifika mwaka 1927, ikajenga stesheni yake pembeni mwa mji na kulichukua jina hilo, na ile kongwe ikaongezewa "shi". Ndiyo maana mpaka leo maduka makubwa, mitaa iliyoezekwa na pilikapilika za jioni viko upande wa Shieki, ilhali JR ni mahali pa kufikia na kuondokea. Ukitaka hoteli yenye chakula na maduka karibu, tafuta kati ya Shieki na kituo cha tramu cha Okaido. Kama una treni ya alfajiri, lala karibu na JR.

Jambo la kuangalia: tarehe 29 Septemba 2024 njia za JR ziliinuliwa juu ya nguzo, na stesheni ikahamia kwenye jengo jipya. Ramani, picha au maelekezo yoyote ya kabla ya hapo yamepitwa na wakati. Kutoka kwenye geti jipya hadi kituo cha tramu kuna mwendo wa dakika kadhaa, na kwa kuwa uwanja wa mbele bado unajengwa, fuata mishale iliyowekwa badala ya kumbukumbu ya mtu aliyepita zamani.

Kufika kutoka Okayama

Njia ya kawaida ni Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Okayama, kisha treni ya haraka iitwayo Shiokaze. Inaondoka karibu kila saa na huchukua kama saa 2 na dakika 45. Unahitaji malipo mawili: nauli ya msingi, na nyongeza ya treni ya haraka. Mashine huviuza pamoja, lakini anayenunua nauli peke yake atatozwa nyongeza ndani ya treni. Kuna behewa la viti visivyowekewa nafasi. Siku za kazi kwa kawaida utapata pa kukaa, lakini wakati wa sikukuu za mwanzo wa Mei, Obon ya Agosti na mwaka mpya, weka nafasi mapema.

Omba kiti cha dirishani upande wa kulia unapoelekea Matsuyama. Baada ya treni kuvuka daraja la Seto, lililofunguliwa 1988, inakunja magharibi kuufuata ufuo wa kaskazini wa Shikoku, na bahari ya ndani yenye visiwa hukaa kulia kwa sehemu kubwa ya safari, hasa baada ya Imabari. Kwa masafa marefu kuna njia moja tu kwa treni za pande zote mbili, kwa hiyo treni husimama mara kwa mara kupishana na nyingine. Si hitilafu, ratiba imehesabu muda huo.

Kosa linalowaumiza wageni wengi kuliko yote ni la kadi ya kugusa. Geti la Okayama litakukubalia kadi ya ICOCA au Suica, zile za kuwekewa pesa na kuguswa getini, bila kusema lolote, na utapanda treni ukiamini umelipa. Upande wa JR Shikoku, kadi hizo zinafanya kazi katika eneo la Takamatsu na jirani zake tu. Ukifika Matsuyama huwezi kutoka kwa kadi: utalipa safari nzima kwa fedha taslimu dirishani, na utapewa karatasi ya kwenda kufungulia kadi yako baadaye kwenye eneo inakokubalika, maana mpaka hapo haitafungua geti jingine. Nunua tiketi ya karatasi kabla ya kuingia.

Mwenye Japan Rail Pass, pasi ya wageni ya treni za JR, anapanda Shiokaze bila malipo zaidi, ila pasi hiyo haitambuliki kwenye treni wala tramu za Iyotetsu. All Shikoku Rail Pass, inayouzwa kwa wageni wa muda mfupi kwa siku 3, 4, 5 au 7, inafunika JR Shikoku yote pamoja na Iyotetsu. Kwa mtu atakayefika Matsuyama na kuendelea Uwajima au Kochi, hiyo mara nyingi hurudisha gharama yake.

Wanaotoka Hiroshima wasizunguke na reli. Kutoka bandari ya Hiroshima kuna boti ya mwendo kasi inayochukua saa 1 na ushee, na feri ya kawaida ya kama saa 2 na dakika 40, ambayo ni nafuu zaidi na ina sitaha ya kukaa nje. Zote hufika bandari ya Matsuyama Kanko. Basi la kuunganisha linakupeleka stesheni ya Takahama kwa dakika chache, au utembee kama dakika 10 ukiwa na bahari pembeni, kisha laini ya Takahama inakufikisha Shieki kwa dakika kama 20. Kwa anayekwenda JR, ashuke stesheni ya Otemachi na kutembea mita mia nne hivi kuelekea magharibi.

Jinsi ya kupanda tramu

Njia ni 1, 2, 3, 5 na 6. Hakuna namba 4, usiisubiri. Namba 5 inatoka JR kwenda Dogo Onsen, kwenye mabafu ya maji ya moto, na namba 3 inatoka Shieki kwenda huko huko. Hizo mbili zinatosha kwa mgeni wa siku moja. Namba 1 na 2 huzunguka kilima cha ngome: 1 kwa mwelekeo wa saa, 2 kinyume chake. Namba 6 inapita mara chache na mgeni haihitaji sana.

Aliye JR akapanda 1 badala ya 5 hatafika Dogo. Atapelekwa kaskazini kupitia Komachi na nyuma ya kilima, na itambidi ashuke Kamiichiman abadilishe. Tena mzunguko huo haufungi kabisa: tramu za 1 na 2 huanzia na kuishia Shieki, ambapo njia inakwisha, hivyo huwezi kukaa kitini ukazunguka mara mbili. Hata hivyo, kipande cha kaskazini cha mzunguko huo kinafaa kupandwa kwa ajili yake chenyewe. Tramu inaiacha barabara, inaingia kwenye njia moja ya reli inayopenya nyuma ya nyumba za watu, na inangoja mwenzake vituoni ndipo ipite. Upande huo ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Ehime, na wanafunzi hushuka Sekijuji Byoin-mae.

Taratibu ni hizi. Panda kwa mlango wa nyuma au wa kati, shuka kwa mlango wa mbele pembeni mwa dereva, na ulipe unaposhuka. Nauli ni moja kwa safari yoyote, fupi au ndefu, na imebandikwa kwenye sanduku la nauli. Andaa sarafu za kama yen 300 kwa kila mtu. Sanduku halirudishi chenji. Mashine ya kuvunjia noti iko hapo hapo mbele, inavunja noti ya yen 1,000, lakini usitegemee ipokee ya 5,000 au ya 10,000. Vunja pesa tramu ikiwa imesimama, kabla ya kituo chako, la sivyo utaishikisha foleni yote nyuma yako. Tangu Machi 2024 tramu zinapokea ICOCA na kadi nyingine za kitaifa za aina hiyo, na hapo linatokea jambo la kuchanganya: kadi ile ile iliyokukwamisha kwenye geti la JR itakufaa vizuri barabarani.

Mchana tramu za njia kuu hupita kila baada ya dakika 10 hadi 15. Zinazotembea ni za umri tofauti: kuna magari ya aina ya 50, ambayo ya kwanza yake yaliingia kazini 1951, yenye sakafu ya mbao na ngazi za juu, na kuna ya aina ya 2100 na 5000 yenye sakafu ya chini. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, gari la mtoto au sanduku zito, ni heri kuacha la kwanza lipite na kungoja la sakafu ya chini. Vituo vingine ni vyembamba sana katikati ya barabara, mtu mmoja na sanduku lake wamejaa upana wote.

Ratiba zimeandikwa kwa saa 24. Ubao ukionyesha 15:20, ni saa 9:20 alasiri kwa hesabu yetu. 06:00 ni saa 12 asubuhi. Aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili asihesabu haraka haraka akiwa amechoka, ndipo treni zinapompita.

Makutano ya Otemachi

Kama una nusu saa tu na unapenda reli, itumie hapa. Kituo cha tramu cha Otemachi-ekimae ni cha kwanza kutoka JR, na papo hapo laini ya Takahama inaikata njia ya tramu kwa pembe mraba. Ndio mahali pekee Japani palipobaki ambapo treni ya vitongoji na tramu zinakatana namna hiyo kwenye usawa wa barabara, bila daraja. Zote mbili zina njia mbili, kwa hiyo reli 4 zinakatana na reli 4, na chuma kimekatwa mara 16 kuachia nafasi ya ukingo wa gurudumu. Nafasi hizo ndizo zinazotoa ule mlio wa mfululizo unaosikika mtaa mzima gari linapopita.

Simama kwenye njia ya waenda kwa miguu, upande wa stesheni. Kengele ya geti la reli inaanza, vizuizi vinashuka, na tramu inasimama kwenye mstari pamoja na magari na baiskeli, ikingoja treni kama chombo kingine chochote cha barabarani. Treni ikishapita, tramu inavuka taratibu sana, maana dereva akiharakisha magurudumu na mikato ya reli vitaumia. Tazama juu pia: nyaya za umeme zinakatana vilevile. Laini ya Takahama inatumia volti 600, sawa na tramu. Kwa sababu hiyo mikono ya kupokelea umeme inapita makutano bila shida.

Treni za Takahama hupita mara kadhaa kwa saa kila upande, hivyo hutangoja sana. Usivuke mstari wa vizuizi kutafuta picha, na ukumbuke kwamba kusubiri huku ndiko kunakoichelewesha tramu ya 5 kidogo: unapokwenda kukamata treni ya JR, acha dakika 10 za akiba.

Anayependa vyuma vya kale aongeze safari fupi. Kituo cha kwanza kutoka Shieki kwenye laini ya Yokogawara ni Ishitegawa-koen, na jukwaa lake limejengwa juu ya daraja la mto Ishite. Daraja lenyewe ni la 1893, kati ya madaraja ya reli ya kale kabisa Japani ambayo bado yanabeba treni kila siku. Lishuhudie kutoka chini, kwenye bustani ya kingo za mto, si kutoka jukwaani.

Ngome

Shuka Okaido, tramu ya 3 au 5. Mtaa ulioezekwa uko upande wa kusini, usiuingie. Elekea kaskazini kwenye mtaa wa ropuwei na utembee kama dakika 5. Hapo utachagua kati ya ropuwei, kibanda kikubwa kinachoning'inia kwenye waya na kupanda kwa dakika 3, au kiti cha mtu mmoja mmoja kinachozunguka bila kusimama na kuchukua dakika 6. Tiketi ni ile ile, na unaweza kupanda kwa kimoja na kurudi kwa kingine. Kiti ni bora hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa kuwa huna kioo mbele yako na foleni yake ni fupi. Mwenye mtoto mdogo au mzigo apande ropuwei.

Kilima kina urefu wa mita 132. Kato Yoshiaki, mtawala wa eneo hili, alianza kujenga ngome 1602. Mnara mkuu ulichomwa na radi 1784, na huu unaouona ulikamilika katika miaka ya 1850, na ni mmoja kati ya minara 12 tu ya zamani iliyosalia Japani, mingine mingi ni ya zege la karne ya 20. Kutoka kituo cha juu hadi mnarani bado kuna mwendo wa dakika 10, na mwendo huo usiukimbilie. Njia inapita chini ya ukuta wa mawe, na mnara unaonekana mbele yako kana kwamba umefika. Kisha, kwenye lango lisilo na milango la Tonashi, njia inageuka na kukurudisha nyuma, mgongo wako ukiwa upande wa mnara. Mbele kuna lango kubwa la Tsutsui, na pembeni yake, kwenye kona ya ukuta ambayo macho hayaifikii kirahisi, kuna lango dogo la Kakure. Askari aliyekuwa akishambulia Tsutsui angepigwa kutoka hapo ubavuni. Simama mbele ya Tsutsui kisha ulitafute dogo; ndipo utaielewa ngome yote.

Ndani ya mnara unavua viatu. Ngazi ni za mbao na zimesimama wima kiasi kwamba wengi hushuka kinyumenyume, hivyo soksi zinazoteleza na begi kubwa ni hatari. Mnara hufunguliwa saa 3 asubuhi, na mara nyingi kuingia mwisho ni saa 10:30 jioni. Muda hurefushwa Agosti na kufupishwa Desemba na Januari. Uwanja wa nje hauna kiingilio, na mandhari ya bahari na mji unayaona ukiwa hapo.

Kuna njia kadhaa za kushuka kwa miguu. Iliyo nzuri inashuka kusini-magharibi hadi bustani ya Ninomaru. Mvua ya Julai 2024 ilisababisha maporomoko ya ardhi kwenye ubavu wa kilima na watu 3 walifariki, na baadhi ya njia zilifungwa baada ya hapo. Soma ubao wa kituo cha ropuwei, na kamba ikiwa imefungwa njiani, geuka.

Ukiwa chini una majengo mawili ya msanifu mmoja, Kigo Shichiro, yasiyo mbali: Bansuiso, jumba la mtindo wa Kifaransa la 1922, karibu na Okaido, na ofisi za mkoa za 1929 zenye kuba, mbele ya kituo cha Kencho-mae. Yanatosha saa moja yote mawili. Kurudi Shieki, ingia mtaa ulioezekwa wa Okaido hadi mwisho, kunja kulia kwenye Gintengai, utatokea mbele ya stesheni, ambapo gurudumu kubwa la kuzunguka liko juu ya paa la duka la Takashimaya. Hata mvua ikinyesha hutalowa.

Dogo Onsen

Mwisho wa njia 3 na 5. Jengo la kituo limejengwa upya 1986 kwa sura ya lile la 1911. Pembeni, kwenye njia ya kando, mara nyingi husimama treni ya Botchan: injini ya dizeli iliyovikwa umbo la garimoshi la enzi ya Meiji (mwisho wa karne ya 19), iliyoanza kazi 2001. Haitembei kila siku, na nauli yake ni tofauti na ya tramu, kwa hiyo angalia siku zake kabla ya kuahidi watoto. Kinachovutia zaidi kuliko kuipanda ni kuiona ikigeuzwa. Injini ina jeki chini ya tumbo. Wafanyakazi wanaiinua juu ya reli, wanaisukuma kwa mikono mpaka imegeuka nusu duara, wanaishusha, kisha wanasukuma behewa na kuliunganisha upya. Hufanyika hapa na Shieki, mara tu treni inapofika. Kaa karibu na mwisho wa reli mapema.

Kutoka kituoni vuka, ingia mtaa ulioezekwa wa maduka, unapokunja kulia fuata, na baada ya dakika 5 hivi unatokea mbele ya Honkan, bafu la ghorofa tatu la mbao lililojengwa 1894. Ukarabati mkubwa ulianza Januari 2019 na jengo lote likafunguliwa tena Julai 2024. Juu ya paa kuna chumba chenye vioo vyekundu, ambamo ngoma hupigwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Maji yanatoka visima 18 vya joto tofauti, kati ya nyuzi 20 na 55, na huchanganywa yenyewe kwa yenyewe hadi yafike kama nyuzi 42, bila kuongezwa maji baridi wala kupashwa moto. Nyuzi 42 ni joto kali kwa asiyezoea: kaa dakika 5, toka, pumzika, rudi. Usiingie ukiwa umekunywa pombe au umetoka tu kula shibe.

Nunua tiketi kwanza. Ya bei ya chini ni ya Kami-no-yu, kuoga peke yake. Za juu zinaongeza chumba cha kupumzikia na chai. Wanaume na wanawake wana mabafu tofauti, na huogwa bila nguo yoyote. Kaa kwenye kigoda, jisugue sabuni na ujisuuze kabisa kabla ya kugusa maji ya bwawa. Povu likiingia bwawani, watu wote watakutazama, na wana haki. Kitaulo kidogo kisiingie majini, kiweke kichwani au ukingoni. Jikaushe kabla ya kurudi kwenye chumba cha nguo.

Foleni ni fupi asubuhi mlango unapofunguliwa saa 12, na ndefu kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, hasa Jumamosi. Honkan ikijaa, nenda Tsubaki-no-yu, bafu linalotumiwa sana na wenyeji, mwendo mfupi kutoka hapo. Maji ni yale yale. Asuka-no-yu, lililofunguliwa 2017, lina nafasi kubwa zaidi. Kabla ya kuingia kuoga, soma saa ya tramu ya mwisho kituoni, maana huwahi kwisha kuliko mabafu.

Mitsu na Takahama

Asubuhi ya pili, kama unayo, panda laini ya Takahama kutoka Shieki hadi Mitsu. Usiichanganye na stesheni ya JR ya Mitsuhama, ambayo iko mbali na maji. Tembea kama dakika 10 kupita maghala na nyumba za zamani hadi kwenye kivuko cha Mitsu-no-watashi. Ni boti ndogo ya manispaa inayovusha watu na baiskeli kwenye mlango wa bandari, umbali wa mita 80 hivi, bure, kwa kuwa kisheria ni sehemu ya barabara ya mji. Haina ratiba: inafanya kazi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, na boti ikiwa ng'ambo unaiita. Upepo ukiwa mkali inasimama. Ukishuka upande wa pili, stesheni ya Minatoyama iko karibu, huhitaji kurudi ulikotoka.

Kituo kinachofuata, Baishinji, jukwaa lake liko ukingoni mwa bahari kabisa. Cha mwisho ni Takahama, jengo la mbao, na mbele yake ng'ambo ya barabara kuna gati la feri ya kisiwa cha Gogoshima.

Wengi huuliza pia kuhusu Shimonada, jukwaa moja linalotazama bahari tupu, la 1935. Haliko mjini: ni karibu saa nzima kutoka JR Matsuyama kwa treni ya kawaida, kwenye njia ya zamani ya pwani kupitia Iyo-Nagahama. Treni za haraka za Uwakai na nyingi za kawaida huenda Ozu kwa njia ya Uchiko, ndani ya milima, na hazifiki huko. Uliza kituoni "Iyo-Nagahama" kabla ya kupanda, na uandike saa ya treni ya kurudi kabla hujaondoka Matsuyama, kwani pengo kati ya treni linaweza kuwa la saa 2 au zaidi na hapo Shimonada hakuna hoteli wala duka la kutegemea.

Unapoondoka kuelekea Okayama, tazama namba ya behewa kwenye tiketi. Treni nyingi hutoka Matsuyama zikiwa mbili zilizounganishwa, Shiokaze ya Okayama na Ishizuchi ya Takamatsu, na huachana stesheni ya Utazu. Aliyekaa kwenye behewa lisilo lake atajikuta Takamatsu. Ukigundua umekosea, hamia kabla ya Utazu, si baada ya kufika hapo, kwani muda wa kusimama ni mfupi.